Maswali ya Wasomaji: Nyumba Yako Inakuchosha Saa Ngapi?

Habari zenu wasomaji. Tangu tuseme tutaongelea mambo ya kupamba nyumba iwe na utulivu barua zimemiminika kutoka pande zote za Uganda, Kasese, Bweyogerere, Masaka, Arua mpaka kambi za jeshi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, ninunue nini. Nitawajibu, ila na mimi nina swali langu la kuwauliza kwanza: hiyo nyumba inakuchosha saa ngapi? Manake nyumba nyingi hazichoshi siku nzima, zina saa yake, ukishaijua hiyo saa utajua kama shida ni jua, ama taa, ama kelele, ama vitu vimejazana, na pesa utaipeleka mahali inapotakiwa badala ya kununua maua ya plastiki halafu unabaki na uchovu uleule.

Dada shikamoo. Niko hapa Kasese, tunakaa muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, mimi na mzee wangu na mtoto wa miaka mitatu. Kitanda hapo, kochi hapo, sigiri ya makaa nyuma ya mlango, jerikeni tano, masanduku juu ya kabati, na landilodi amekataa misumari na amekataa rangi. Naonaga watu wanapamba vizuri kwa simu nikijaribu kwangu chumba kinazidi kubana. Nikirudi soko jioni nafunga mlango napika sipati raha kabisa, kichwa kinauma mpaka nilale. Nifanye nini na pesa yenyewe kidogo? Mama Kijana, Kasese.

Marahaba mama, pole na soko. Umeshanitajia saa yenyewe, ni jioni, na umesema kitu kingine ambacho kimenishtua kuliko habari ya mapambo, kwamba unafunga mlango unapika na sigiri ndani na kichwa kinauma. Naomba tuanze hapo. Makaa yakiwaka yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, huwezi kuiona, inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu na usingizi mzito na inaua watu wakiwa wamelala. Kuanzia leo sigiri ikae nje barazani, hata kama mvua inanyesha tafuta kibati cha kukinga, na hata makaa yakibaki mekundu kidogo usiyaingize ndani usiku kupasha chumba joto. Na kama kichwa kinauma ukiwa ndani na ukitoka nje kinapoa, pita kituo cha afya uwaeleze hivyohivyo. Haya mengine tutakayoongea yote yanakuja baada ya hapo.

Sasa jua. Nyinyi mko jirani na ikweta kabisa, si inapita hapo Kikorongo, kwa hiyo huko kwenu jua halihami sana, mwaka mzima linatoka mashariki na kuzama magharibi, likiinama kidogo tu kaskazini mwezi wa sita na kusini mwezi wa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba kama dirisha lako ama mlango wako umeangalia magharibi basi kila siku kuanzia saa tisa jua linaingia moja kwa moja na ukirudi jioni unakuta chumba kimeiva. Wengi wanaweka pazia nzito ndani wakidhani itasaidia, lakini joto likishapita kwenye kioo limeshaingia, pazia inakukinga macho tu. Zuia nje. Chukua mkeka wa mafunjo, hii inayouzwa barabarani, uning'inize nje ya dirisha ukifunga kwa kamba kwenye vyuma vya dirisha, hakuna msumari hata mmoja, mchana unaushusha, jioni jua likienda unaukunja juu ili upepo uingie. Na zile tundu za hewa juu ya dirisha kama ulishindilia matambara kwa sababu ya mbu, yatoe, uweke wavu. Chumba chenye mlango mmoja na dirisha moja kinahitaji hewa ya moto itoke kwa juu, ukiziba hapo unakaa ndani ya joto la bati usiku kucha.

Vitu vyenyewe sasa. Jerikeni za njano tano zikiwa wazi mbele ya macho hakuna pambo litakaloonekana hapo, rangi yake inapiga kelele. Tafuta fundi wa mbao akutengenezee benchi refu la chini, zile jerikeni ziingie chini yake, mbele ufunge kitambaa cha rangi moja, na juu ya benchi ndio mahali pa sahani na vyombo. Benchi likiwa zito halihitaji kupigiliwa ukutani. Masanduku yashuke kutoka juu ya kabati yaende chini ya kitanda, kitanda ukikiinua kwa matofali manne utapata nafasi ya kutosha, na hapo juu ya kabati paache tupu, tupu kabisa, usiweke hata kikapu. Ukiwa umelala jicho linaenda juu, likikuta mzigo umeelekea kichwa chako halipumziki.

Neti nayo najua inawasumbua, wengi wanaifunga fundo mchana inaning'inia katikati ya chumba. Kwa kuwa msumari umekatazwa, mwambie huyo fundi aongeze fito nne kwenye pembe za kitanda na fito za kuunganisha juu, neti ya pembe nne inakaa vizuri, mchana unazikusanya pande unafunga na utepe, usiku unashusha na kuchomeka chini ya godoro. Hapohapo kwenye fito za upande wa mlango ning'iniza pazia ya kugawa chumba ili mtu akibisha hodi asikute kitanda. Umepata chumba cha kulala bila kujenga ukuta. Na neti ikifuliwa uikaushe kivulini, jua kali linaua dawa yake.

Rangi umekatazwa kwenye ukuta lakini hujakatazwa kwenye nguo. Shuka, pazia ya dirisha, pazia ya kugawa na kitambaa cha benchi, hivi vinne vikiwa rangi moja ama zinazokaribiana, krimu kwa mfano, ama kijani cha majani makavu, chumba kitaonekana kimepanuka. Kitenge penda, sikukatazi, ila kiwe kimoja, kwenye mto wa kochi. Vitenge vitatu tofauti kwenye chumba kimoja vinagombana. Anza na mkeka wa nje na benchi, hizo mbili tu mwezi huu, zingine zitafuata ukipata.

Habari dada. Mimi namshukuru Mungu nimemaliza kujenga Bweyogerere na nimehamia. Tailizi nyeupe nyumba nzima, silingi ya gipsam, madirisha makubwa ya vioo, makochi meusi ya rekzini, taa ndo zile nyeupe kali. Kila mtu aliyekuja alisifu ila mke wangu anasema ni kama kliniki, na watoto hawakai sebuleni. Wageni wakija tunaongea kwa sauti ya juu tivii nayo tunaongeza. Pesa imeisha, sitaki kubomoa kitu chochote. Baba Mjenzi.

Hongera sana ndugu yangu, kumaliza nyumba si jambo dogo na huyo mke wako msikilize manake hajasema nyumba ni mbaya, amesema haimpumzishi. Na kwa maelezo yako saa yenu ni usiku, kuanzia taa zikiwashwa. Hakuna cha kubomoa.

Taa kwanza kwa sababu ndio rahisi kuliko vyote. Angalia kwenye boksi la balbu zako, kuna namba inaishia na herufi K, nina hakika utakuta 6500 ama karibu na hapo, hiyo ni nyeupe ya bluu, nzuri dukani, nzuri mahali mtoto anapofanyia homuweki, lakini usiku inauambia mwili bado ni mchana na usingizi unachelewa. Nunua za 2700 ama 3000, zile za mwanga wa njano kidogo, ubadilishe sebuleni na vyumba vya kulala, jikoni na bafuni acha nyeupe. Halafu ile tabia ya taa moja kali katikati ya silingi inayomwagia kila mtu usoni iacheni kwa wakati wa kufagia. Jioni washeni taa ndogo za pembeni, moja pembeni ya kochi, moja kwenye kona, moja karibu na tivii, balbu tatu za wati 5 ni wati 15 tu kwa hiyo Yaka, umeme wenu wa kulipia kabla, haitakimbia. Mwanga ukitoka chini na pembeni ukuta unakuwa na kivuli kidogo na sura za watu zinalainika, utaona mwenyewe watu wanaanza kuongea polepole.

Sasa kelele, na hapa ndipo naona shida kubwa ilipo ingawa wewe umeitaja kwa kupita. Tailizi, gipsam, kioo na rekzini vyote ni vitu vigumu vilaini kwa juu, sauti ikivigonga inarudi, inagonga ukuta wa pili inarudi tena, maneno yanapandana, mtu anaongeza sauti ili asikike, tivii inaongezwa ili iwashinde watu, na watoto wanaongeza ili waishinde tivii. Ukikaa humo masaa matatu unachoka bila kubeba hata ndoo. Dawa yake ni nguo, nguo nyingi nzito zenye mikunjo. Mapazia yawe mawili mawili, shiya nyepesi ya mchana na nzito ya usiku, fimbo ipandishwe karibu na silingi na ipite dirisha pande zote, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha, hapo ndipo watu wanapokosea wanaweka kitambaa kilichonyooka kama ukuta na hakimezi sauti vizuri. Ukiona bei za madukani zinatisha nenda soko la Owino Kampala kwenye mivumba, yaani mitumba, asubuhi, mapazia mazito yapo, chukua yote ya rangi moja hata kama urefu haufanani, fundi cherehani atakata.

Kapeti iwe kubwa kiasi cha miguu ya mbele ya makochi yote kukaa juu yake, kakapeti kadogo katikati kanaonekana kamesahauliwa na kelele hakapunguzi. Lakini huko vumbi ni jekundu na ni jingi, kwa hiyo manyoya yawe mafupi, mnayoweza kuibeba nje na kuipiga, na kama kuna mtoto mwenye pumu basi afadhali mazulia madogo ya pamba yanayofulika, mengi. Makochi usiyauze, yashonee maforonya ya kitambaa cha amerikani ama kitani kizito, rangi ya mchanga ama ya kahawia, mtoto hatapenda kulala kwenye rekzini inayomganda jasho lakini kitambaa atalala. Halafu kona moja peleka shelfu ya wazi, mafundi wa Nsambya wanatengeneza vizuri ukichora na kupeleka vipimo, ujaze vitabu na vikapu, vitu vyenye maumbo tofauti vinavunja sauti kuliko ukuta mtupu.

Rangi ya ukuta, kama ni nyeupe ile ya kung'aa kabisa, ukipata pesa baadaye pakeni krimu. Isiyong'aa inapumzisha macho zaidi lakini haipanguswi vizuri, kwa hiyo kwenye koridoo na mahali mikono ya watoto inapopita tumia ile yenye mng'ao kidogo. Paka kwanza kipande cha ukuta ukiangalie asubuhi na ukiangalie tena usiku chini ya hizo balbu mpya, manake rangi ya dukani na rangi ya usiku nyumbani ni vitu viwili. Na ukipaka chagua na mama, nyumba ni yake pia.

Shangazi, nilinunua lubugo, kile kitambaa cha gamba la mti, kubwa nzuri sana nikaitundika chumbani juu ya kitanda. Mama mkwe alipokuja kutoka kijijini alisimama mlangoni akakataa kuingia. Sasa mume wangu ananiambia nitoe, mimi naona ni urembo wa kwetu. Ni nani mwenye haki? Wa Masaka.

Mwanangu, wote mna haki, ila kwa chumba cha kulala nakuomba umfuate mama mkwe. Lubugo katika Buganda ni kitu cha heshima, inavaliwa kwenye sherehe za ufalme na hiyohiyo ndiyo inayofungiwa marehemu, kwa hiyo mzee aliyezika watu wake wengi akiiona juu ya kitanda cha mwanawe anaona kitu kingine kabisa na siyo urembo. Huwezi kupata utulivu chini ya kitu ambacho kinamtisha mtu wa nyumba yako.

Usiitupe lakini, hapana. Inatengenezwa na gamba la mti wa mutuba, mafundi wa ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi hiyo tangu zamani, gamba linavunwa msimu wa mvua, mti unafungwa majani ya migomba upone na kuota gamba lingine, na gamba lenyewe linapigwa na nyundo za mbao mpaka linakuwa laini kama unavyoliona. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, waliutangaza ufundi wa kuitengeneza kuwa kazi bora ya urithi wa utamaduni wa binadamu mwaka 2005 na mwaka 2008 ukaingia kwenye orodha rasmi ya urithi huo. Kitu cha namna hiyo kinastahili sebule. Kaa na mama mkwe, umwambie unaipenda na unataka kuiheshimu, umuulize yeye angeiweka wapi, na akisema hata sebuleni haitaki basi mkate vipande vidogo mtengeneze vitambaa vya meza ama fremu ya picha ya babu. Ile rangi yake ya udongo inakubaliana na krimu, na mbao, na vikapu, karibu na kila kitu. Weka mbali na maji na mahali penye unyevu, na vumbi litoe kwa brashi laini bila kufua.

Dada, ni kweli maua ya ndani yanakula hewa usiku, mtu anaweza kukosa pumzi? Nina mawili chumbani. Arua.

Hapana, lala vizuri. Mmea unatumia hewa usiku, ni kweli, lakini ni kidogo sana, mtu anayelala pembeni yako anatumia zaidi. Ninachokuomba ni kingine, kama una maniplanti ama hii yenye majani makubwa ya madoadoa meupe na kuna mtoto anayetambaa iweke juu asipofika, jani likitafunwa linachoma mdomo na ulimi. Na kama mmea uko kwenye chupa ya maji badilisha maji mara kwa mara, na visahani vya chini ya vyungu umwage, mbu wanatagia hapo.

Dada, mume wangu ni mwanajeshi. Tumekaa Mbarara, tukaenda Gulu, sasa tuko Jinja na sijui kesho. Nyumba za kambini ni hizohizo, saa zingine kibanda cha bati. Niliacha kupamba kwa sababu naona ni kazi bure tutahama tu, ila mtoto wangu mkubwa ameanza kuuliza nyumba yetu iko wapi. Mama Afande.

Mama Afande, barua yako nimeisoma mara nyingi. Huyo mtoto ameuliza swali la kweli na anahitaji kujibiwa kwa vitu anavyoweza kushika. Usipambe nyumba, nyumba ni ya serikali, pamba sanduku. Kuwe na sanduku moja ama begi moja kubwa ambalo vitu vyake havichanganyiki na vingine, likifunguliwa mahali popote ndani ya saa moja nyumba yenu imefika.

Ndani yake weka mapazia, na hapa nunua mapana na marefu kuliko dirisha lolote ulilowahi kuona kambini, upindo wa chini ushone kwa mkono mishono mikubwa ili ukifika unafumua ama unakunja, na uyavalishe pete badala ya ndoano kwa sababu kamba yoyote ama waya wowote itayabeba. Weka shuka za watoto zilezile, usibadilishe kila mwaka, harufu ya shuka na rangi yake mtoto anaijua. Picha zenu usizitie fremu za vioo, zitavunjika njiani, zibane na vibanio vya nguo kwenye kamba moja ndefu kwa mpangilio uleule, na mpangilio huo mwachie mkubwa awe ndiye anayeushika, kila kituo yeye ndiye anaitundika. Mkeka mmoja mzuri wa kukalia wote pamoja jioni. Kama mmewahi kupita Bombo wale akina mama wa Kinubi wanasuka vikapu na vifuniko vya rangi kali vizuri sana, kimoja tu ukutani kinabadilisha kibanda kizima, ni chepesi na hakivunjiki. Ukipenda kila kituo mnunue kitu kimoja kidogo cha hapo, kutoka Mbarara kile chombo cha mbao cha maziwa chenye kifuniko cha kusukwa, kutoka kwingine kingine, mtoto atakuwa na majibu marefu akiulizwa anatoka wapi.

Kibanda cha bati mvua ikinyesha hamsikilizani na watoto wadogo wanaogopa, kama hakuna silingi uliza kama mnaruhusiwa kufunga mikeka ya mafunjo chini ya bati, inapunguza mlio na inapunguza joto la mchana, na mkihama inakunjwa inapakiwa.

Siku ya kufika usianze na jikoni hata kama watu wana njaa, nunueni chapati ama rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, mle. Anza na kitanda cha watoto na neti yao na ile kamba ya picha, ndipo wengine wafungue mizigo. Na balbu zako za mwanga wa njano ziwe za kwako, unaondoka nazo, ila beba na adapta kwa sababu nyumba zingine zina holda ya pini na zingine ni ya kuzungusha. Zifungue mwisho kabisa asubuhi ya safari, uzitie kwenye soksi za mzee uzizungushie shuka, zitafika.